Kiwiko cha Mabula na Mpira Unaopinda

Mwanangu Mabula,

Watu wakiandikiana huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naijua. Umelala vizuri, umekula viazi nilivyowawekea wadogo zako, na sasa uko kwa kinyozi Masumbwe mjini ili Dar es Salaam wasikuone mshamba. Mimi nimekaa mlangoni mwa jiko, daftari magotini, mchele umo kwenye ungo unanisubiri na utasubiri. Nataka nimalize kabla hujarudi, kwa sababu ukiwa mbele yangu nitaanza kukutania na jambo lenyewe litanipita.

Habari za sabuni, soksi na watu wa kukaa nao mbali, shangazi yako amezisema wiki nzima na kesho stendi atazisema tena. Sina la kuongeza huko. Langu ni moja, na naliweka hapa juu ili usihangaike kulitafuta chini: kiwiko chako cha kulia kinauma, na umekuwa ukikificha.

Usishtuke, wengine hawajaona. Mimi nimeona unavyokula. Unakata tonge, unalichovya, halafu badala ya mkono kwenda mdomoni, mdomo ndio unaufuata mkono. Baba yako alidhani umejifunza adabu mpya ya mezani. Tena juzi ulipokuwa unaanika shuka, mkono wa kushoto ulinyooka mpaka juu ya kamba, wa kulia ukakomea njiani, ukageuka haraka kutazama kama kuna mtu. Nilikuwa dirishani. Lakini hata nisingekuwa dirishani ningejua, maana miaka hii yote mpira wako unaishia mikononi mwangu.

Najua walivyotucheka. Mke mzima wa watu, amevaa suruali ya mumewe chini ya kanga, amechuchumaa uani na glavu kubwa, mtoto wake anamrushia mpira kama anamfukuza mbwa. Mama Shija wa jirani alikuja kuniuliza kwa upole kama nyumbani kuna tatizo. Nikamwambia ndiyo, tatizo ni kwamba shule ya mwanangu imeanzisha besiboli na huku kwetu hakuna anayejua kudaka. Akaondoka na mshangao wake. Lakini wewe ulishangaa kuliko yeye, siku ile ya kwanza, ulipoona mama yako anajua mahali pa kuweka miguu.

Sikuwahi kukueleza vizuri nilijifunzia wapi. Nilikuwa kidato cha pili Shinyanga, na shuleni kwetu alikuwepo mwalimu wa kujitolea kutoka Japani aliyekuja na gunia la glavu. Wasichana wenzangu walitaka kurusha au kupiga mpira kwa gongo. Mimi nilitaka kuchuchumaa nyuma, kwa sababu mdakaji ndiye peke yake anayeutazama uwanja wote kwa mbele. Mdakaji pia ndiye anayeomba mpira. Kidole kimoja, wa moja kwa moja. Viwili, wa kupinda. Mrushaji akiukubali anainamisha kichwa, asipoutaka anatikisa kichwa, na mdakaji lazima aombe mwingine. Nilipenda sana sehemu hiyo. Nyumbani kwetu sikuwahi kuona mtu mdogo anatikisa kichwa na mkubwa anabadilisha mawazo.

Basi mipira yako naijua, kila mmoja na tabia yake. Ule wa moja kwa moja naujua kwa mlio, unaingia kwenye glavu kama kofi. Kevu, ule wa kupinda, naijua kwa macho, maana ikitoka tu kwenye vidole inapanda kidogo, unadhani itapita juu ya kichwa, halafu inaacha hiyo safari na kushuka. Kidole cha kati umekikaza kwenye mshono, unauvuta mpira kwa mbele uzunguke kuelekea chini, na huko kuzunguka ndiko kunakoushusha. Usipouvuta vizuri hauzunguki, na usipozunguka haushuki, unabaki unaelea kifuani kwa mpigaji, naye anaupiga mpaka kwenye mihogo ya watu. Umekwisha kuokota mipira ya namna hiyo mara ngapi?

Slaida ndiyo laghai. Inakuja kama wa moja kwa moja, mwendo karibu uleule, mpigaji anaamini kabisa, tayari amekwisha toa gongo, ndipo inateleza pembeni na kumkimbia. Mwenye macho makali huona kijinukta chekundu kwenye mpira, pale uzi wa mshono unapozungukia sehemu moja. Mimi nilikuwa nakiona. Tangu mvua za mwisho sikioni. Slaida yako siku hizi haitelezi, inapinda mapema na kwa uvivu, na mkono wako unashuka upande kabla hujauachia mpira, kama mtu anayebeba ndoo na kuhamisha uzito mahali pasipouma. Hapo ndipo nilipojua.

Halafu kuna ule ambao vijana wenzako wanauweka kundi moja na mipira ya kupinda, na haupindi hata kidogo. Unachelewa tu. Unaubana ndani kwenye kiganja, mkono unaupitisha kwa kasi ileile, mpigaji anapiga hewa na mpira unafika baadaye unamkuta amemaliza. Huo haukuvunji kiwiko, nawe huutaki kwa sababu hauna mbwembwe. Hakuna anayepiga kelele kwa mpira uliochelewa. Ulitaka kevu, na watu walitaka kevu, na mimi mama yako nilitaka kevu kuliko wote.

Nafika kwenye lile ninaloliogopa, Mabula. Shule ilikuwa na mipira miwili tu ya kweli, na Mwalimu Rashidi alikuwa anaifungia kabatini. Huku nyumbani tulikuwa tunarushiana soksi zilizojazwa mchanga. Mimi ndiye niliyechukua kipande cha ngozi ya yule dume aliyekufa kwa kiangazi, nikampelekea fundi viatu pale sokoni, nikamwambia anitengenezee duara ya kiasi hiki. Akajaza ndani vipande vya tyubu ya baiskeli, akazungushia kamba, akashona kwa uzi wa viatu, mshono mnene umevimba. Aliufurahia mno, alikataa hata kunipa mpaka amewaonyesha wenzake. Na ulivyopinda! Ule mshono ulikuwa unashika hewa, kevu ikawa inaanguka kama embe. Ukaona umejua. Nami nikaona nimezaa mrushaji. Ukaurusha huo mwaka mzima, jioni kwa jioni.

Mwalimu Rashidi alipokuja kutusalimia, akaushika mpira wetu kwa mkono huu na wa shule kwa mkono huu, akaipima hivi na hivi. Akanitazama.

"Mama Mabula, hili ni jiwe," alisema.

"Ni ngozi, mwalimu."

"Ngozi ya ng'ombe mzima. Mtoto hajamaliza kukua, anavuta kevu kwa jiwe? Hebu mpumzishe."

Nikamwambia ahsante. Nikampikia kuku. Alipoondoka nikakuambia mwalimu ni mtu wa mjini, ameogopa uzito kidogo tu, mkono uliochunga ng'ombe hauwezi kushindwa na mpira. Nakumbuka sura yako. Ulitaka kusema kitu, na ukaona jinsi nilivyofurahi, ukanyamaza.

Tena yakaja yale mashindano ya shule. Nilisimama nyuma ya wavu na wazazi wengine. Mdakaji wenu alikuwa mtoto mzuri lakini mwoga, kila akitaka kuomba mpira ananitazama mimi. Mwisho kabisa, wakati yule mpigaji mrefu wa Geita amesimama na mwenzake anangoja kukimbia mpaka kituo cha nyumbani wapate pointi, nilinyoosha vidole viwili juu ya kanga. Wewe kutoka kwenye tuta la mrushaji ukaviona. Ukatikisa kichwa.

Nilidhani hukuviona vizuri. Hapana, huo ni uongo, nafuta. Nilijua umekataa, na nikaonyesha tena. Viwili. Ukasimama pale muda mrefu mpaka mwamuzi akakupigia kelele, halafu ukairusha. Ilikuwa kevu nzuri kuliko zote nilizowahi kuziona. Yule kijana alianguka kwa goti moja akiitafuta. Watu wakavamia uwanja, wakakubeba, na wewe juu ya mabega yao umeushika mkono wa kulia kwa wa kushoto na unacheka na machozi yanatoka. Nikasema ni ya furaha. Kocha wa Dar es Salaam alikuwa amekaa kwenye benchi la wageni, na siku hiyohiyo akaja kuuliza wewe ni mtoto wa nani.

Baada ya hapo unajua. Ukoo wa baba yako ukakaa. Babu yako mkubwa akatoa fahali. Kwaya ikaimba. Wachimbaji wenzake baba yako wakatoka maduarani, kwenye mashimo ya dhahabu, na vumbi lao wakaja kukushika mkono, wote mkono wa kulia, wanaukamua kama wanajaribu kamba mpya. Kila mtu ametoa alichonacho, kwa moyo mweupe. Na kila aliyetoa amekufunga fundo lingine. Nilikuwa nakutazama umekaa kwenye kiti cha mbele na shada la maua shingoni, nikaona macho ya mtu ninayemjua. Nilipoyakumbuka nikaenda nyuma ya zizi nikakaa chini.

Yalikuwa macho yangu. Acha nikueleze, maana ulikuwa mgongoni kwangu lakini huwezi kukumbuka.

Niliolewa na baba yako kabla sijamaliza kidato cha pili. Alikuwa kijana mzuri na aliniahidi shule nitamalizia huku. Walikuja na ng'ombe wa bukwi, mahari yangu, weupe wengi, kijiji chetu kule upande wa Kolandoto kilitoka kuwatazama. Shule sikumalizia. Baba yako akafuata dhahabu, anakwenda wiki anakaa miezi, na mimi nikabaki kwenye boma la mama yake ambako hata kucheka nilikuwa naangalia kwanza nani yupo. Hakuna aliyenipiga, hakuna aliyeninyima chakula. Kila siku ilikuwa kama jana yake, na nilianza kuongea peke yangu kisimani. Siku moja nikakufunga mgongoni, nikasema nakwenda kliniki, nikapanda gari mpaka Shinyanga, nikatembea mpaka kwetu.

Baba yangu hakukasirika. Alinipa maji. Akakupakata. Nikamwambia nimerudi, nataka kukaa, nataka kusoma. Akanyoosha kidole uani. Mke wa kaka yangu Luhende, yule unayemwita mama mdogo, alikuwa anasonga ugali, mjamzito, anaimba.

"Ng'wanawane, mwanangu," baba aliniambia kwa sauti ya chini, "ng'ombe zako ndiyo huyo pale."

Walikuwa wamekwisha kwenda. Ng'ombe waliokuja kwa ajili yangu walikwenda kumwoa yeye, na kwao wamekwisha kumwoa mwingine. Ningebaki, wangedaiwa, naye angerudishwa na tumbo lake. Alinigeukia akanichekea kwa furaha, hajui chochote, akanipakulia sahani kubwa. Nilikula. Asubuhi nikarudi Masumbwe. Mama mkwe akaniuliza kliniki wamesema nini, nikasema mtoto ana afya.

Sikukusimulia haya ili umchukie baba yako au babu. Baba yako nimemzoea na kwa njia yangu nampenda, na wewe na wadogo zako siwezi kuwatoa kwenye hesabu ya maisha yangu. Lakini nimekuwa ndani ya chumba kisicho na mlango tangu wakati ule, na kilichoniuma zaidi ni kwamba hakuna aliyekijenga kwa ubaya. Wote walikuwa wema. Ukizungukwa na watu wabaya utapiga kelele. Ukizungukwa na wema wanaokutazama kwa matumaini unasema mtoto ana afya.

Kosa langu, nikilitazama leo, silioni kwenye kurudi Masumbwe. Nilikuwa na umri wako, sikuwa na pa kwenda. Kosa ni kwamba sikusema hata siku moja kuwa nilitaka kuondoka. Si kwa baba yangu vizuri, si kwa baba yako, si kwa Luhende. Nilipanga kusema baada ya mavuno, baada ya wewe kutembea, baada ya mdogo wako kuzaliwa. Halafu ukaja na mpira wako, na mimi niliyezuiwa kutoka nikaona mahali pa kutokea. Mkono wako. Nikauvuta. Wewe ulipotikisa kichwa nikakufanyia kilekile nilichofanyiwa, tena kwa tabasamu na kanga mpya. Naomba unisamehe. Siwezi kuandika hili kwa namna ya kupendeza.

Sasa nikuambie nilichofanya, na ukitaka kukasirika kasirika usiku huu ukiwa unasoma, na kesho kwenye basi una muda zaidi.

Juzi nilimpigia simu kocha wa Dar es Salaam. Nilimwambia kijana anayekuja anaumwa kiwiko upande wa ndani, hakinyooki mpaka mwisho, na amekuwa akivuta kevu kwa mpira mzito kwa sababu yangu. Akaniuliza, "Mama, yeye anajua kwamba umenipigia?" Nikasema hajui. Akasema uje, lakini hutagusa mpira mpaka daktari akuone, na daktari akisema hapana itakuwa hapana, na nafasi yako hawezi kuniahidi. Nilimshukuru. Alikuwa na haki ya kukata simu.

Jana nikamwambia baba yako. Alikuwa ananoa jembe, akaacha.

"Fahali ameshaliwa, mama Mabula," akasema.

"Najua. Nami wa kwangu walishaliwa."

Alinitazama kama mtu aliyeona mlango kwenye ukuta alioupita kila siku. Aliinuka akaenda kwenye mpunga, na jioni aliporudi akaniuliza, "Ulikuwa unataka kurudi kwenu?" Nikamwambia ndiyo. Akauliza lini. Nikamwambia wakati ule, na mara nyingi baadaye. Akakaa kwenye kigoda. Hakusema neno baya. Hatujui bado tutaongea nini, lakini ameuliza, na mimi nimejibu.

Kwa hiyo watu wawili wanajua. Babu yako mkubwa hajui, kwaya haijui, wachimbaji hawajui. Sijawaambia, kwa sababu mkono ni wako na mimi nimekwisha kuutumia vya kutosha. Daktari akikukataza kevu, jifunze ule mpira unaochelewa, nao ni kazi ya ufundi. Akikukataza yote, rudi. Rudi na begi lilelile, bila kikombe, bila jezi ya mtu. Usikae Dar es Salaam unabeba mizigo kwa mkono mbovu ukiwaandikia watu kuwa mambo ni mazuri. Fahali alikuwa sherehe, sherehe imekwisha, hakuna mtu aliyeolewa kwa fahali yule.

Kesho watakuja stendi wote. Kutakuwa na ngoma, najua, na shangazi yako atalia kabla hata basi halijafika. Nitasimama mbele, upande wa dirisha lako. Gari likianza kuondoka watakuambia upunge mkono, na utataka kutoa wa kushoto. Usitoe wa kushoto, mwanangu. Toa wa kulia, uunyooshe mpaka pale unapokataa, uuache hapohapo umepinda nje ya dirisha. Waone.

Mama yako,
Milembe